Umeme ukirudi kompyuta zote sita zinaganda na mega zinayeyuka: nani anafanya kazi humo ndani?

#1 Mwana_Birere (Goma)
Jambo wandugu. Nina sekretaria hapa Birere: kupiga chapa, kuskani, fotokopi, na siku hizi vijana wanakuja kuandikia TFC zao (kazi za kumaliza masomo) kwangu. Kompyuta sita za mezani, zote zinatumia mfumo wa Ubuntu 22.04. Umeme kwetu unakuja kwa saa zake. Ukirudi nawasha zote kwa pamoja, na hapo ndipo mateso yanaanza. Mteja hajaketi, hakuna aliyegusa kivinjari, lakini taa ya diski inawaka bila kupumzika, kipanya kinasuasua, na kwa dakika 20 hivi sifungui hata ukurasa mmoja wa kuandikia. Jana nilipiga hesabu ya mega (data za intaneti): kabla ya kazi ya kwanza zilikuwa zimeondoka zaidi ya 400. Mega hizo nanunua mimi kwa jasho langu, na mteja akisubiri sana anavuka barabara kwa jirani.

Nani anafanya kazi humo ndani wakati mimi sijamtuma? Naamini kuna mtu ameniwekea kitu.

#2 Fundi_Ndosho (Goma)
Mficha uchi hazai. RAM ngapi? Diski ni ya sahani au SSD? Mtandao unatoka wapi?

#3 Mwana_Birere
RAM 4 GB kila moja. Diski za sahani, 500 GB. Mtandao ni kimodemu cha wifi chenye laini ndani, kompyuta zote zinanywa hapo. Zamani nilitumia simu yangu kama hotspoti na sikumbuki shida ikiwa kubwa namna hii. Kompyuta ya tano kijana wangu aliiwekea KDE, sura nyingine ya madirisha na menyu, na ndiyo inayoganda kuliko zote.

#4 Kadutu_Foto (Bukavu)
Virusi, yaya. Flashi za wateja zinazunguka mji mzima kabla hazijafika kwako. Mimi nimezika diski mbili kwa sababu ya flashi za watu.

#5 Nyundo_Katuba (Lubumbashi)
#4 hapana. Virusi vya flashi vinavyozunguka miji yetu viliandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Ubuntu vinabaki faili tu, havipati mlango wa kuamka.

Ndugu wa Birere, hakuna aliyekuwekea kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna programu zilizokuja na mfumo wenyewe, hazina dirisha wala ikoni, na kazi yao ni shughuli ndogondogo za kila siku. Kwenye GNOME, sura inayokuja na Ubuntu yenyewe, kuna Tracker, inayopita katika folda za nyaraka, picha, muziki na upakuaji, inasoma kila faili na kuandika daftari lake ili ukitafuta neno ulipate upesi. Kwenye KDE kazi hiyo anaifanya Baloo, aliyechukua nafasi ya Nepomuk mwaka 2014. Ndiyo maana namba tano yako inalia zaidi. Sekretaria yenye TFC za miaka mitatu kwenye diski ya sahani ni shamba kubwa la kulima.

#6 Mwana_Birere
Aksanti mzee Nyundo. Lakini kusoma faili zangu mwenyewe kunakulaje mega?

#7 Nyundo_Katuba
Swali zuri. Hakuli. Hiyo inaeleza taa ya diski, haielezi mega.

#8 Fundi_Ndosho
Mega ni masasisho. Andika hii uone:

systemctl list-timers

Utaona orodha ya kazi zenye saa: zamu iliyopita, zamu ijayo. apt-daily, inayochungulia masasisho, ina saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. apt-daily-upgrade, inayoyasakinisha, ni saa 12 asubuhi. Ziko pia za kuzungusha kumbukumbu za mfumo, za kusafisha SSD mara moja kwa wiki, za kufuta faili za muda. Sasa sikiliza neno moja lililo ndani ya nyingi kati ya taimeri hizo: Persistent. Maana yake, kama kompyuta ilikuwa imezimwa saa yake ilipofika, kazi haisamehewi. Inangoja. Ukiwasha tu, inadai.

Ona sasa ilivyo kwetu. Aliyepanga saa 12 asubuhi alifikiria mashine inayolala imewashwa, umeme upo, mtu amelala. Kwetu asubuhi hiyo mashine imekufa. Umeme unarudi saa nne, na kila kazi iliyokosa zamu yake inasimama mlangoni siku moja, dakika moja, mbele ya mteja wako. Mara sita, kwa sababu una mashine sita.

#9 Mwana_Birere
Hii imenigusa. Ndivyo inavyoonekana kabisa: kama wote wamegombea mlango mmoja.

#10 Kivu_Sysadmin (Bukavu)
Fundi amesema vizuri ila kuna sehemu ya kusahihisha. apt-daily ina ucheleweshaji wa bahati nasibu wa hadi saa 12 nzima, ili seva za dunia zisipigwe na kila mtu kwa wakati mmoja. Ucheleweshaji huo unahesabiwa hata kwa kazi iliyokosa zamu. apt-daily-upgrade wake ni dakika 60. Kwa hiyo si kweli kwamba zote zinaruka dakika ya kwanza. Baadhi ndiyo. Nyingine zinaweza kukujia saa tisa mchana.

Mimi namshuku snapd, anayesimamia snap, aina nyingine ya vifurushi vya programu. Ubuntu 22.04 ilileta Firefox kama snap. Snapd inachungulia masasisho mara nne kwa siku, na Firefox peke yake ikishuka nzima ni zaidi ya mega 200. Zidisha kwa sita.

#11 Fundi_Ndosho
Nakubali kuhusu bahati nasibu. Sikubali hesabu ya snap: mara nyingi inapakua tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, si kifurushi kizima.

#12 Kivu_Sysadmin
Mara nyingi. Si kila mara. Na mashine iliyokaa wiki bila kuwashwa inaweza kuwa imeachwa matoleo kadhaa nyuma.

#13 Shemasi_Himbi (Goma)
Samahani kuingilia. Nimeandika hiyo amri kwenye mashine ya parokia, kisha nikaangalia orodha ya vinavyotembea. Karibu kila mstari una neno daemon. Settings daemon, keyring daemon, accounts daemon. Nauliza kwa moyo mweupe: kwa nini watu waliotengeneza kitu kizuri wakiite mapepo? Nimeshindwa kumweleza padri.

#14 Jua_la_Kenya (Lubumbashi)
Shemasi usiogope, leta maji ya baraka taratibu yasiguse ubao wa herufi 😄 (Kenya yangu ni komuni ya Lubumbashi, kabla mtu hajaniuliza habari za Nairobi.)

#15 Nyundo_Katuba
Shemasi, swali lako lina jibu safi. Neno lilianza kutumika MIT mwaka 1963, kwenye mashine ya IBM 7094, katika kundi la Fernando Corbató. Walilichukua kutoka fizikia: James Clerk Maxwell, karne ya 19, alibuni kiumbe wa mawazo tu anayekaa kwenye mlango mdogo kati ya vyumba viwili vya hewa, akichagua chembe za mbio zipite huku na za polepole zibaki kule, bila kuchoka. Wale vijana wa MIT wakaona programu yao inafanya vilevile: inakaa mlangoni, haichoki, haionekani. Ya kwanza ilikuwa inanakili faili kwenye kanda ili zisipotee. Kiyunani cha kale daimon ni roho tu, nzuri au mbaya. Mwambie padri hakuna kafara ndani yake.

#16 Shemasi_Himbi
Mungu akubariki. Nitamwambia. Lakini sisi tuziite jina gani?

#17 Mama_Nguba (Bukavu)
Zamu. Kama yule anayelinda nyumba usiku. Yuko, humwoni, ukisikia kikohozi chake unajua kazi inaendelea.

#18 Jua_la_Kenya
Zamu wangu mimi hulala kabla yangu.

#19 Kivu_Sysadmin
Mama Nguba amepata neno ila halifuniki wote. Zamu anakesha. Nyingi kati ya hizi hazikeshi. Zinaamshwa zikiitwa. Ukichomeka flashi, kerneli, kiini cha mfumo, inatoa taarifa, udev anaisikia, udisks2 anaitambua diski, gvfs anaifungua, ndipo dirisha linatokea mbele yako. Watu wanne wamefanya kazi na wewe umeona dirisha moja. Wengine wanaitwa kupitia D-Bus, njia ya programu kuitana: programu inataka huduma fulani, kama haiko hai inaamshwa hapohapo, ikimaliza inaweza kulala tena. Huyo ni kibarua wa kuitwa zaidi ya mlinzi.

#20 Mama_Nguba
Basi wako mazamu na wako vibarua. Sekretaria yangu pia iko hivyo.

#21 Kadutu_Foto
Tukirudi kwenye flashi, kwa sababu #19 amenikumbusha maumivu. Nina mashine moja ya Xfce, sura nyepesi kuliko GNOME, ya kuhamishia picha za harusi. Mteja amekuja na flashi, nimemwekea picha zaidi ya elfu mbili, anataka kuwahi boti ya Goma. Nabonyeza ondoa, inaniambia kifaa kinatumika. Kinatumiwa na nani? Nimefunga kila kitu! Mteja amesimama, boti haimsubiri. Mwishowe akaichomoa mwenyewe. Alipofika Goma alinipigia: picha nusu hazifunguki. Nilimrudishia pesa yake yote na nikamtumia flashi nyingine kwa boti ya kesho yake.

#22 Kivu_Sysadmin
Hapo kuna mashahidi wawili. Wa kwanza ni tumblerd, anayetengeneza vijipicha vidogo unavyoviona kwenye folda. Picha elfu mbili ni kazi kwake, na akiwa bado anasoma flashi, flashi haiachiliwi. Zima vijipicha kwa vifaa vya kuchomeka kwenye mipangilio ya kidhibiti faili.

Wa pili ni mzito zaidi. Ukinakili faili, mstari wa maendeleo unakwambia umemaliza, lakini data bado iko kwenye RAM. Kerneli ina vibarua vyake vinavyoamka kila sekunde 5 na kuandika kwenye diski data iliyokaa zaidi ya sekunde 30. Kwa flashi ya polepole inaweza kuchukua dakika kadhaa. Aliyechomoa mapema amechomoa kabla ya kuandikwa. Ukiwa na wasiwasi andika sync, subiri mshale urudi, ndipo utoe.

#23 Kadutu_Foto
Miaka miwili nilikuwa nalaumu flashi za bei rahisi. Aksanti kwa hili.

#24 Mwana_Birere
Hii ya sync nimeibandika ukutani leo leo. Mwezi jana mwanafunzi alipoteza sura mbili za TFC kwangu hivyohivyo, nikadhani flashi yake mbovu. Nitamtafuta nimwombe radhi.

Lakini tusiache mega zangu.

#25 Fundi_Ndosho
Turudi kwenye #3, kuna kitu tulikiruka. Ulisema ulipotumia hotspoti ya simu shida ilikuwa ndogo. Simu ya Android ikigawa mtandao inatuma alama ya kusema mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. NetworkManager, msimamizi wa mitandao, anaisoma alama hiyo, na unattended-upgrades, inayosasisha bila kuulizwa, kwa kawaida haipakui kwenye mtandao wa namna hiyo. Kimodemu chako hakitumi alama yoyote. Kompyuta inadhani uko kwenye waya wa ofisi kubwa, inanywa mpaka ishibe. Nenda kwenye mipangilio ya wifi, au andika:

nmcli connection modify JINA connection.metered yes

Na kwa snap:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Fanya kwenye zote sita.

#26 Kivu_Sysadmin
Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, nakubali. Ila jua kwamba orodha za apt zenyewe zinaweza kuendelea kushuka. Alama hiyo inazuia baadhi ya milango, si yote.

#27 Nyundo_Katuba
Mimi ningeweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Ya kwanza ikipakua kifurushi, tano zilizobaki zinakichukua humo ndani bila kugusa mega. Mlango wake wa mtandao (port) ni 3142. Nimeweka hivyo kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja huku Katuba na mkuu wa shule aliona tofauti mwezi uleule.

#28 Kivu_Sysadmin
Vifurushi vya apt tu, mzee wangu. Snap hazipiti humo.

#29 Nyundo_Katuba
Kweli. Shuleni tuliweka Debian, mfumo ndugu wa Ubuntu, yenye Xfce, snap haikuwepo.

#30 Mgeni_wa_Sake (Goma)
Niongeze ushahidi kuhusu Persistent. Mei 2021, mlima wa volkano Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 na siku chache baadaye tukaambiwa tuondoke mjini, mimi nilikimbilia Sake na kompyuta nikaiacha nyumbani Majengo. Niliporudi na kuiwasha nilijiandaa kwa balaa: nilidhani italipa kazi za siku zote zile. Haikuwa hivyo. Ilifanya mara moja tu. Hata ukose zamu 40, inadai moja. Kwa hiyo #8 yuko sahihi kwamba inadai, ila haidai riba.

#31 Fundi_Ndosho
Ndiyo, mara moja. Inaweka alama ya tarehe ya mwisho kwenye /var/lib/systemd/timers, haihesabu zilizopita. Pole kwa safari ile. Sisi tulivukia Gisenyi.

#32 Mgeni_wa_Sake
Tumeshapoa. Nyumba ilibaki, mashine pia.

#33 Jua_la_Kenya
Kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja: saa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kila ukikatikiwa umeme mashine inarudi tarehe ya zamani, mtandao ukija inaruka mbele. Taimeri zinaona siku nyingi zimepita, zinaamka. Mwana Birere, ukiwasha bila mtandao inaonyesha mwaka gani?

Na mambo ya majira: Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Wengi wanachagua Africa/Kinshasa wakati wa kusakinisha. Kazi ya saa 12 inakuja saa 1. Chagua Africa/Lubumbashi.

#34 Mwana_Birere
Nimeangalia. Mashine mbili zinarudi miaka ya nyuma! Na zote sita ziko kwenye saa ya Kinshasa. Kijana wangu alikuwa akinirekebishia saa kwa mkono kila asubuhi nikadhani ni kawaida.

#35 Jua_la_Kenya
CR2032. Ni betri ya bei ndogo tu, fundi wa saa atakuwa nayo.

#36 Fundi_Ndosho
Betri abadilishe, ndiyo. Lakini mashine mbili haziwezi kueleza sita.

#37 Mama_Nguba
Na sisi wa Windows? Kwangu mashine tatu, umeme ukirudi diski inapanda hadi asilimia 100. Mtoto wangu akazima kitu kinaitwa SysMain, ikapona moja, mbili hazikupona.

#38 Kivu_Sysadmin
Mama, shikamoo. SysMain ndiyo ile iliyoitwa Superfetch tangu Vista. Inatazama programu unazopenda na kuzipandisha kwenye RAM mapema. Hizo mbili huenda ni Windows Search inayoandika daftari, au Windows Update. Fungua kidhibiti kazi, panga kwa safu ya diski, nitajie majina matatu ya juu. Wifi yako pia iweke kuwa ya kulipiwa kwa kipimo. Windows haijui yenyewe mpaka uiambie.

#39 Nyundo_Katuba
Na usizime kila kitu, mama. Nimeona watu wanazima huduma kumi kwa siku moja kwa kufuata video, baada ya wiki printa haichapi, sauti haitoki, na hawakumbuki walizima nini. Zima moja, kaa nayo siku tatu, andika kwenye daftari.

#40 Fundi_Ndosho
Hapo mimi na wewe tunatofautiana mzee. Mashine ya sekretaria haihitaji kutafuta neno ndani ya nyaraka. Baloo kwenye namba tano ningezima leo: balooctl disable. Ya nini kumlisha mtu ambaye hujawahi kumtuma?

#41 Nyundo_Katuba
Wewe hujawahi. Mteja akirudi baada ya mwaka kutafuta TFC yake na amesahau jina la faili, utamshukuru huyo Baloo. Ondoa folda ambazo huzihitaji kwenye orodha yake, abaki na chache.

#42 Mwana_Birere
Hilo linatokea kila wiki kwangu, mtu kusahau jina la faili. Sikujua kama kuna anayeweza kunisaidia kutafuta ndani ya maandishi. Kijana wangu alikuwa anafungua moja moja.

#43 Kadutu_Foto
Mimi bado nasema SSD. Niliweka moja kwenye mashine ya zamani ya RAM 4, kugandaganda kote kukaisha. Mazamu wanafanya kazi yao na siwasikii.

#44 Kivu_Sysadmin
Kweli kwa diski. Mega zitaendelea kuondoka vilevile, kwa kasi zaidi.

#45 Mwana_Birere
Ripoti ya siku tatu. Nimeweka alama ya kulipiwa kwenye zote sita, snap nimezizuia, betri mbili nimebadilisha, saa sasa ni ya Lubumbashi. Baloo nimemwachia folda ya TFC peke yake. Siziwashi tena zote pamoja: mbili, nasubiri dakika kumi, mbili nyingine. Asubuhi ya leo mteja wa kwanza alichapa ndani ya dakika tano. Mega kabla ya kazi: karibu 60 kwa mashine tano.

Namba nne imekula 90 peke yake. Ina kila kitu sawa na wenzake, nimehakikisha mstari kwa mstari.

#46 Fundi_Ndosho
Sakinisha nethogs, inayoonyesha nani anakula mega, iendeshe kwa sudo mara tu baada ya kuwasha, utuletee jina.

#47 Kivu_Sysadmin
Nabashiri ni duka la programu la GNOME, au mtu ameacha folda ya kusawazisha na akaunti ya mtandaoni.

#48 Jua_la_Kenya
Nabashiri kijana wako 😄

#49 Mwana_Birere
Kijana anaketi namba tano, Jua. Nne anaketi mama mmoja anayechapa barua tu. Nethogs imeonyesha mistari miwili: mmoja ni fwupd, mwingine hauna jina la programu, umeandikwa unknown TCP. Wa pili ndio unaokula zaidi.

#50 Nyundo_Katuba
Fwupd anatafuta programu za ndani za vifaa, huyo ni mwema na ni mdogo. Huo wa pili, usizime mashine. Andika ss -tunp, inayoorodhesha miunganisho ya mtandao, kwa sudo sasa hivi wakati bado unakula, nakili mistari yote uibandike hapa.